Jahazi na Kihori Chake

Muuzaji wetu wa gari la njia ya Tandale na Manzese alikuwa na daftari aliloliweka chini ya kiti cha dereva. Lilikuwa daftari la shule, jalada limelegea kwa jasho na vumbi, na ndani yake ameandika kwa kalamu ya bluu: "Mama Zai, sabuni nusu katoni, dawa ya meno sita, atamaliza Alhamisi." Kurasa nzima nzima zilikuwa hivyo, jina baada ya jina. Kampuni iliyotuajiri ilisambaza bidhaa za nyumbani Dar es Salaam, na kanuni yake ilikuwa fupi: tunauza katoni nzima, kwa fedha taslimu. Wenye maduka madogo hawakuwa na fedha ya katoni nzima. Basi yeye akawa anazivunja katoni, nusu kwa huyu na nusu kwa yule, na jioni anarudisha hesabu iliyotimia hadi shilingi ya mwisho.

Alikwenda hivyo miezi minne, mpaka wakaguzi wa ndani walipoziona katoni zilizofunguliwa. Akaitwa kwenye kikao, akapewa barua ya onyo, daftari likachukuliwa kuwa kielelezo. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza ile. Hakuna hata mmoja wetu aliyelifungua akasoma kilichomo. Mwaka haukuisha, vijana wawili wenye guta wakaanza kupita mitaa ileile wakiuza nusu katoni na robo katoni, na wateja wetu wakahama mmoja mmoja. Sisi tulikuwa na ghala, magari, jina na mkopo wa benki. Wao walikuwa na guta.

Tangu wakati ule nimekaa na wakurugenzi wengi, wa viwanda, wa bima, wa SACCOS, wa kampuni za mabasi, na karibu wote huuliza jambo moja: tufanyeje tuwe wepesi kama hizi kampuni changa zinazotunyang'anya wateja? Wengi wanakuwa wameshaanza kujijibu. Wametenga chumba wakakipaka rangi za kung'aa, wametangaza shindano la mawazo lenye zawadi ya simu. Miezi sita baadaye hakuna kilichotoka, nao wanalalamika kwamba wafanyakazi wao hawana ubunifu. Ninachowaambia ndicho nilichojifunza kwenye kikao kile: wazo limeshafika, liko chini ya kiti cha gari lako. Kinachokosekana ni chombo cha kulibeba.

Watu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa hili. Jahazi haliingii kila mahali. Likijitia kwenye kina kifupi wakati maji yanakupwa, litapwelewa, na mabaharia watakaa hapo na shehena yao mpaka bamvua au maji yajae tena. Ndiyo maana jahazi huburuta kihori nyuma yake. Kihori hubeba watu wawili watatu, hufika mpaka mchangani, na kikigonga mwamba hasara yake inahimilika. Lakini kamba yake imefungwa jahazini, na maji ya kunywa ya waliomo yanatoka jahazini. Kampuni kubwa haina haja ya kujigeuza kihori. Haitaweza, na haipaswi kujaribu, maana mishahara ya mamia ya watu inategemea jahazi liende leo kama lilivyokwenda jana. Kazi yake ni kukishusha kihori majini na kukiacha kitembee.

Mfano mkubwa kabisa wa jambo hili uko hapa kwetu Afrika Mashariki, na watu wengi huusimulia kinyume. Kijana wa leo ukimuuliza M-Pesa ilitoka wapi, atakwambia ni kazi ya kampuni changa. Sivyo. Ilianzia ndani ya Vodafone, moja ya kampuni kubwa za simu duniani, ikakulia ndani ya Safaricom, ambayo wakati huo tayari ilikuwa kampuni kubwa nchini Kenya. Kwa hiyo anayesema kampuni kubwa haziwezi kuzaa kitu kipya anakosea. Swali la maana ni hili: ilipitaje katikati ya kamati zote zile ikiwa hai?

Ilipita kwa sababu fedha yake ya kwanza haikutoka kwenye bajeti ya kawaida. Nick Hughes, aliyekuwa Vodafone Uingereza, aliomba ruzuku kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza uliokusudiwa kuzishawishi kampuni binafsi zifikishe huduma za fedha kwa watu wasio na benki. Wakapata karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaongeza ya kwake. Kwa kampuni ya ukubwa ule hizo ni fedha ndogo sana. Lakini angelazimika kuomba kiasi hicho hicho kwenye meza inayogawa mtaji wa minara na mitambo ya Ulaya, angeshindwa siku ya kwanza, kwa kuwa mnara una hesabu ya faida inayojulikana na wazo lake halikuwa nayo.

Mwenzake, Susie Lonie, akahamia Kenya kuusimamia mradi. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika, na wateja wapatao 500 na vituo 8 tu vya mawakala. Kusudi la awali halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, walipe marejesho yao kwa simu.

Hapa ndipo pa kusoma polepole. Wale wakopaji walipopewa chombo mkononi, wakakitumia kwa mambo ambayo hakuna aliyewaagiza. Wafanyabiashara walikuwa wanaweka fedha za mauzo ya jioni kwa wakala, benki zikiwa zimefungwa, wakazitoa asubuhi, ili wasilale na fedha ndani. Wasafiri waliweka pesa mwanzo wa safari wakazitoa mwisho wa safari, mfukoni wakibaki na nauli. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawarushia jamaa zao shamba. Wengine walimlipia mtu rejesho naye akawarudishia kwa huduma nyingine. Kwa upande wa Faulu, malipo hayakuingia kirahisi kwenye hesabu zao, ikabidi makarani wayaoanishe kwa mkono, na vikundi vya mikopo vilivyozoea kukutana vikaanza kulegea, kwani mtu angeweza kulipa bila kufika kikaoni.

Mradi ukipimwa kwa kusudi lake la awali, ulikuwa na kasoro kubwa. Kampuni nyingi ninazozijua zingeandika ripoti ya kufunga, zikaambatisha orodha ya sababu, zikarudi kwenye kazi. Hawa waliliacha lile kusudi la awali na kushika kile walichokiona kwa macho. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, habari za marejesho ya mikopo hazikuwa tena mbele. Ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Kwa nchi ambayo baba yuko Nairobi na familia iko Kisii au Kakamega, maneno hayo hayakuhitaji maelezo. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamejiandikisha zaidi ya watu milioni 2.

Sasa turudi kwako na kampuni yako. Anza na fedha, kwani hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Tenga kiasi ambacho kikipotea chote hakuna mwanahisa atakayekitaja kwenye mkutano mkuu. Usikitoe chote kwa mkupuo, wala usikifunge kwenye mwaka wa bajeti. Toa sehemu ya kwanza ijibu swali moja tu, na swali hilo liandikwe kwa lugha ambayo dereva wako ataielewa. Kwa ile kampuni yetu ya zamani swali lingekuwa: mwenye duka akiuziwa nusu katoni, atanunua mara ya tatu? Gari moja, mitaa miwili, wiki nane, basi. Jibu likiwa ndiyo, toa sehemu ya pili ijibu swali gumu zaidi: je, gharama ya kuvunja katoni na kumfikia mteja mdogo inaruhusu faida? Mameneja wengi huanza na hili la pili, wakajaza jedwali la miaka mitano kwa tarakimu walizozikisia, kisha wakalikataa wazo kwa sababu ya makisio yao wenyewe.

Kisha watu. Wasizidi watano, na wasiwe wa saa za ziada. Nimeona kamati za ubunifu zinazokutana kila Ijumaa alasiri, kila mjumbe akiwa na simu ya idara yake inayoita mfululizo. Hicho hakiwi kihori, ni abiria wa jahazi wanaoangalia maji. Watoe kwenye kazi zao kwa muda maalumu. Mmoja awe anayekutana na wateja kila siku, hata kama hana shahada. Mmoja awe mtu wa hesabu anayejua kanuni za kampuni, ajue ipi inaweza kupindwa na ipi haipindiki. Na kabla hawajaanza, waandikie kwamba nafasi zao zinawangoja, na kwamba jaribio likifa halitaingia kwenye tathmini zao za mwaka. Mtu mwenye watoto wanaosoma hataacha dawati lake salama kwa ahadi ya mdomo, na ni haki yake kabisa.

Wanahitaji pia mlezi, mtu mmoja mwenye mamlaka ya kutia saini. Safaricom walikuwa na Michael Joseph, mtendaji mkuu mwenyewe, na sidhani huduma ile ingefika mbali kama mlezi wake angekuwa meneja wa ngazi ya kati. Kazi ya mlezi si kutoa mawazo. Ni kukaa nao nusu saa kila wiki na kuuliza, "Nani amewazuia?" Majibu utakayosikia ni madogo madogo na yanaudhi: ununuzi wanadai bei kutoka kwa wauzaji watatu ili wapate kununua mzani wa laki mbili, idara ya sheria ina fomu ya mkataba yenye kurasa 30 na wakala wa Mbagala anaogopa kuitia saini, watu wa mifumo wamesema foleni ni miezi saba. Kampuni changa haina idara hizo, ndiyo maana ni nyepesi. Wewe unazo, na zinakulinda kwenye biashara kubwa, kwa hiyo usizivunje. Kwa jaribio hili tu, la fedha hizi tu, mlezi atie saini kwamba zisubiri.

Kuna sheria moja ambayo haisubiri, nayo ni ya nchi. Kampuni changa huweza kupenya ikiwa ndogo, mdhibiti akaijua imeshakua. Kampuni yenye jina haifai kujaribu hivyo. Waliotengeneza M-Pesa walikwenda Benki Kuu ya Kenya mapema, wakaeleza pesa za wateja zitakaa wapi: kwenye akaunti ya amana benki, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Benki Kuu ikasema haina pingamizi. Mwisho wa 2008, mabenki yakiwa yamekwisha kushtuka, Wizara ya Fedha iliagiza huduma ichunguzwe, na ikavuka salama kwa sababu mdhibiti alikuwa anaijua tangu ikiwa changa. Kwa hiyo nenda ukiwa bado na wateja 200. Afisa wa serikali ambaye umemwonyesha kitu kidogo anakuwa na nafasi ya kufikiri. Ukimpelekea kitu cha watu milioni, atalazimika kujilinda kwanza.

Mkiwa mmeshusha kihori, mkikopeshe vitu vya jahazi. Hapa ndipo kampuni kongwe inapomshinda kijana mwenye guta, na nashangaa wengi wanavyolisahau jambo hili. Safaricom walikuwa na wauza vocha nchi nzima, watu waliokwisha kuaminika mtaani. Kampuni changa ingehitaji miaka na mtaji mkubwa kuwapata. Jiulize wewe una nini cha namna hiyo: madereva wanaojulikana kwa majina vijijini, maghala mikoani, kumbukumbu za wateja za miaka 20, au pengine nembo tu ambayo bibi wa Lindi anaitambua bila kusoma. Kopesha hivyo. Ila kila unachokopesha huja na mwenyewe anayetaka taratibu zake zifuatwe, na mlezi awe macho hapo.

Usije ukanunua mtindo wa mwenzako ukadhani umenunua na wateja wake. Vodacom ilipoileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, ilileta huduma ileile kwa jina lilelile, lakini ilikua taratibu mno ukilinganisha na Kenya. Nchi yetu ni pana, watu wamekaa mbalimbali, na mtandao wa mawakala haukuwa umejengwa kama wa kule. Ikabidi namna ya kuwapata na kuwasimamia mawakala ifikiriwe upya kwa mazingira ya hapa, na baadaye huduma ikashika sana. Hata ndani ya familia moja ya kampuni, jaribio lilibidi lifanyike tena.

Sasa niseme lile ambalo wakurugenzi hawapendi kulisikia. Siku moja kihori kitaleta samaki ambao jahazi linauza kwa bei ya juu. Kile kipya kitaanza kula mauzo ya kile cha zamani, na mkuu wa idara ya kile cha zamani, ambaye analeta faida yote, atasimama kwenye kikao na kuuliza kwa nini tunajimaliza wenyewe. Ana haki ya kusikilizwa, na hoja yake itakuwa na tarakimu nzuri. Kumbuka Kodak. Mwaka 1975 mhandisi wao Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali mjini Rochester, Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi picha moja isiyo na rangi kwenye kaseti. Kilikuwa kihori hasa. Lakini Kodak waliishi kwa kuuza filamu, karatasi na kemikali za kusafishia picha, na kamera isiyotumia filamu ilikuwa adui wa mkate wao. Si kwamba waliipuuza kabisa, waliuza kamera za dijitali baadaye. Ila hawakukubali kuipa nafasi ya kuikata filamu wakati wao wenyewe wangali na nguvu. Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Fujifilm ya Japani ilikuwa inauza filamu ileile na ikapigwa na wimbi lilelile. Rais wake wa wakati huo, Shigetaka Komori, alichofanya ni kuuliza swali la namna hii: tukiondoa neno filamu, sisi tunajua nini? Wakakuta wanaijua kolajeni, ambayo ndani ya filamu ina kazi yake na ndani ya ngozi ya binadamu pia ina kazi yake, na wanajua kuzuia rangi isififie. Mwaka 2007 wakatoa vipodozi vyao vya Astalift, na wakapanua kazi zao za tiba na malighafi za skrini. Swali la Komori nakuomba uliazime. Kampuni ya mabasi ikiliuliza itakuta inajua ratiba, vituo na mizigo ya watu. Kiwanda cha magodoro kitakuta kinajua povu. Ndipo unapata pa kuanzia pasipo kumlazimisha mtu abuni kutoka hewani.

Kwa mkuu wa idara ya zamani, dawa niliyoiona ikifaa ni kumwingiza kwenye faida mapema. Bonasi yake ya mwaka iwe na sehemu inayotokana na kile kipya. Bila hivyo unamtaka mtu apige makofi wakati mshahara wake unamegwa.

Kuhusu kukirudisha kihori nyumbani kikifanikiwa, usikimbilie. IBM waliwahi kuipa timu ndogo, mbali na makao makuu, huko Boca Raton katika jimbo la Florida, kazi ya kutengeneza kompyuta ya mtu mmoja. Waliruhusiwa kununua vipuri kwa wengine, kichakataji kwa Intel na programu endeshi kwa Microsoft, na kuuza kupitia maduka ya kawaida. Katika mwaka mmoja hivi walimaliza, na Agosti 1981 kompyuta ikaingia sokoni na kuvuma duniani. Baadaye kitengo kikavutwa karibu na taratibu za kampuni mama, wepesi ule ukapungua, na walioiga wakawapita. Mimi naona kitu kipya kirudi jahazini pale kinapohitaji vya jahazi kuliko uhuru, na anayeweza kujua siku hiyo ni wale waliomo ndani yake. Waulizeni.

Na vingi havitarudi. Jaribio likifa, life hadharani: kikao kimoja, waliojaribu wasimulie walichokiona, daftari zao zihifadhiwe pahala wengine watazisoma, kesho warudi kwenye nafasi zao wakiwa na vichwa juu. Wafanyakazi wote watakuwa wanatazama namna mnavyowapokea waliojaribu kuliko watakavyosikiliza hotuba yoyote ya mwaka mpya.

Kama unataka kuanza wiki hii, usiitishe semina. Jumatatu asubuhi panda gari la njia, au kaa nyuma ya kaunta, au shinda kwenye dawati la malalamiko, mpaka jioni. Muulize anayefanya kazi hiyo, kwa upole na ukiwa umeshamwahidi kwamba hataadhibiwa: "Ni kanuni gani unaivunja ili mteja apate anachotaka?" Akikuonyesha daftari, lisome lote. Kisha andika barua. Ile ambayo ningetamani kikao chetu kingemwandikia muuzaji wetu ingekuwa hivi:

"Kuanzia tarehe 1 umeondolewa kwenye njia yako ya kawaida kwa wiki nane. Chagua wenzako wawili. Mna gari moja, katoni mia mbili, na ruhusa ya kuzivunja Tandale na Manzese tu. Tunataka kujua kama mteja wa nusu katoni anarudi mara ya tatu. Bidhaa ikipotea, ni hasara yetu. Nafasi yako ipo na mshahara wako haugusiki. Kila Jumatano saa mbili asubuhi njoo ofisini kwangu na daftari lako, uniambie nani amekuzuia."